Sehemu ya Mwenye Nyumba

Mlango ulifika kabla ya nyumba. Ulivushwa mto Lualaba kutoka Kindu ndani ya mtumbwi wa Wagenya, wavuvi wa mto huo, ukabebwa na watu wanne kwa nusu siku ya njia ya msituni, na ulipotuliwa katikati ya kijiji cha Kimanyo, watu waliuzunguka wakaugusa kwa zamu. Mbao nzito nyekundu, misumari ya chuma yenye vichwa vya mviringo, na komeo la mti mgumu lililoteleza vizuri kama limepakwa mawese. Kimanyo walikuwa wakifunga nyumba zao kwa kipande cha gome la mti, na wengine hawakufunga kabisa, maana mwizi angetokea wapi? Sasa walikuwa na mlango wa kitajiri, na nyumba yake haijachimbiwa hata shimo moja la nguzo.

Bulaimu aliuzunguka mlango ule mara tatu, mikono nyuma, utadhani kauchonga yeye. Alikuwa mwalimu wa chuo cha watoto ambacho hakijajengwa: mtu wa miaka thelathini hivi, kanzu moja, kofia moja, na furaha ya kipumbavu usoni. Nasema ya kipumbavu, na simwonei. Mtu aliyelelewa ndani ya boma la Mwinyi Khelefu alipaswa kujua kwamba Mwinyi Khelefu hampi mtu mlango bure.

Huyo Mwinyi Khelefu alikuwa mfanyabiashara kutoka pwani, na upande wake wa Kindu hakuna jogoo aliyewika bila ruhusa ya bunduki zake. Bulaimu aliletwa kwake angali mtoto, amefungwa kamba kiunoni, kutoka kijiji ambacho jina lake alishalisahau. Lugha tu ndiyo iliyombakia. Alifundishwa herufi, akazishika haraka, akawa mwandishi wa bwana. Aliozwa Zawadi, mjakazi wa nyumba hiyo hiyo, wakapata binti, Jamila. Kisha siku moja bwana alimwita, akamkalisha mkekani, akamwambia aandike karatasi ya uhuru ya watu watatu: Bulaimu, Zawadi, Jamila. Bulaimu aliiandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Muhuri nitautia," alisema Mwinyi Khelefu, akiikunja karatasi na kuiweka sandukuni, "siku utakapokuwa umewajengea watoto wa Kimanyo chuo, kikasimama, wakasoma. Wewe lugha yao unaijua. Watakuamini. Mkeo na mwanao watakaa hapa mpaka umalize."

Basi akavuka mto na moyo wake wote ukiwa ndani ya sanduku lile.

Kujenga kulichukua mwezi na siku kadhaa. Wanaume walikata nguzo na kuzisimamisha, wakafunga fito kwa kamba za msituni, wakaezeka kwa majani mapana. Kazi ya udongo ilikuwa ya wanawake, nao walimfuata Wabiwa, mama mmoja mfupi mwenye mikono mipana na ulimi usiokuwa na hatamu. Wabiwa alikanyaga udongo mwenyewe, alionja kwa kidole kama umeshika, na aliyeleta tope jepesi alirudishwa kijitoni huku akitajiwa uvivu wa mama yake na bibi yake. Kila mama alikandika pale ambapo mwanawe angekaa. Walikuwa wakiimba. Bulaimu aliposikia wimbo ule alikwenda nyuma ya migomba akalia kidogo, kwa kuwa aliukumbuka bila kujua ni wapi aliusikia.

Siku ya tano ya udongo, Wabiwa alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba. Ukuta wote ulikuwa umejaa, isipokuwa mahali pamoja karibu na pembe, toka chini hadi usawa wa kifua. Hapo hapakuwa na fito wala udongo. Mtu angeweza kuinama akapita.

"Hii sehemu ni yako, mwalimu," alisema. "Sisi hatuwezi kufunga. Mwenye nyumba njo anafunga na mikono yake. Asipofunga, nyumba haina muntu."

"Nyumba si yangu, mama. Ni ya watoto. Ni ya Mwinyi Khelefu."

"Mwinyi Khelefu iko hapa? Nimwite aje na udongo?"

Wanawake wakacheka. Bulaimu hakucheka. Alikuwa na kanzu nyeupe na alikuwa muungwana karibu, bado muhuri tu, na mambo ya kushika tope kwa ajili ya desturi za msituni aliona yamempita. Akawaambia waache ushenzi, wazibe waende nyumbani. Lilikuwa neno baya, na lilimtoka kwa urahisi kuliko lilivyostahili.

Wabiwa alimtazama kwa muda. "Mukubwa amesema," alijibu, akageuka.

Hawakuziba. Yaani waliziba kwa namna yao. Walipanga majani makavu ya migomba kwenye tundu lile, wakayashika kwa vijiti viwili, wakayapaka ngozi nyembamba ya udongo ndani na nje, ionekane ni ukuta. Kwao hilo halikuwa hila. Ilikuwa adabu: umemfunikia mwenye nyumba sehemu yake isipigwe mvua, ukimngoja akili zimrudie. Nyumba nyingi za Kimanyo zilikaa hivyo mwezi, miezi miwili, mpaka kijana mvivu apate haya akachukua udongo.

Siku ya mwisho ukawekwa mlango. Aliyekuja kuuweka ni Musafiri, nyampara wa Mwinyi Khelefu, mtu mrefu wa maneno machache aliyekuwa na kovu la kamba kiwikoni, pamoja na askari wawili. Walipomaliza, Bulaimu aliingia ndani, akaufunga kwa ndani ili asikie utulivu wa chuo chake. Akapapasa kutafuta komeo. Mbao tupu. Akapapasa juu, akapapasa chini. Kisha akasikia, upande wa pili, kitu kinateleza vizuri.

"Musafiri," aliita, "mmeuweka kinyume. Komeo liko nje."

"Liko mahali pake," Musafiri alijibu.

Bulaimu alicheka, halafu akaacha kucheka. Alisimama katika nusu giza na kiganja chake juu ya mbao, na kwa mara ya kwanza tangu avuke mto alihisi ule mkazo wa kamba kiunoni, palepale ilipokuwa zamani. Musafiri alimfungulia baada ya muda. Hakumtazama.

Kesho yake Bulaimu alivuka kwenda Kindu.

Mwinyi Khelefu hakumficha. Hata hakuona kuna la kuficha. Alikuwa akinywa kahawa, akamkaribisha kwa kikombe.

"Watu wa msituni wanahama, Bulaimu. Leo wako hapa, kesho ukienda unakuta majivu. Nitawapataje wapagazi? Nitapata wapi wa kuniletea pembe? Lakini mwenye watoto wa mtu anaye mtu. Watasoma, sikukudanganya. Watasoma hapo siku chache wazoee, halafu Musafiri atawaleta hapa Kindu, ndani ya boma. Wazee wao hawatakwenda popote."

"Wazazi wao wamewatoa kwa kusoma, bwana. Nimewaapia."

"Na wewe ulisoma wapi?" Mwinyi Khelefu aliuliza, na kwa kweli sauti yake ilikuwa ya upole. "Kwangu. Ulikuja kwa miguu yako? Umepungukiwa nini? Leo unaandika kuliko wanangu." Akagonga sanduku kwa vidole. "Karatasi yako ipo. Mtoto mmoja akipotea kwa mkono wako, nitaichana, na mkeo na bintiyo wataondoka na msafara wa kwanza. Watoto wakifika hapa wote, naitia muhuri mbele ya macho yako. Kunywa kahawa, inapoa."

Akainywa. Hilo lilimuumiza siku nyingi baadaye, kwamba aliinywa yote na akasema ahsante.

Alimkuta Zawadi uani akipepeta mpunga, Jamila amelala mgongoni. Alimweleza kwa sauti ya chini, haraka haraka, mlango, komeo, boma, karatasi. Zawadi aliendelea kupepeta. Makapi yaliruka, mchele ulirudi.

"Mimi nilikuwa mutoto wa namna hiyo," alisema hatimaye. "Hujapata kuniuliza, nami sikukwambia. Walitufungia nyumba moja, watoto wa kijiji kizima. Mama yangu alilia inje ya ukuta siku tatu. Alichimba na mikono. Nilisikia kucha zake. Ukuta ulikuwa muzima, Bulaimu. Siku ya ine sikumusikia tena."

"Nifanye nini?"

"Usiniambie unataka kufanya nini. Wakiniuliza, nisikuwe na kitu ya kujibu." Aliweka ungo chini, akamgeuzia mgongo ili amwone Jamila. "Mushike kichwa. Ana joto kidogo, lakini si homa."

Alimshika kichwa mtoto wake. Kilikuwa na joto, kidogo, kama alivyoambiwa. Akarudi mtoni.

Chuo kikaanza. Watoto ishirini na wawili, wavulana na wasichana, kila mmoja na ubao wake uliopakwa chokaa, wino wa masizi, kalamu ya unyasi, na mwanga mdogo uliopenya kati ya ukuta na paa. Asiyejua chuo cha namna ile ni lazima aambiwe jambo moja: hakina kimya. Kila mtoto husoma somo lake kwa sauti, wote kwa mpigo, huyu yuko alifu na yule yuko mbele, na mwalimu mzuri husikia kosa la mmoja katikati ya kelele za wote. Kelele ndizo dalili ya kazi. Musafiri alikaa barazani mbele ya mlango, bunduki mapajani, na kadiri kelele zilivyoendelea hakugeuka. Alikuwa akifunga komeo asubuhi watoto wakishaingia na kulifungua jua likiegama, na wazazi waliambiwa ni kwa sababu ya chui.

Chui! Kimanyo waliokaa na chui tangu enzi za babu zao.

Zilikuwa siku mbaya kwa Bulaimu, na ubaya wake ulikuwa huu, kwamba zilikuwa nzuri. Watoto walijifunza. Mwati, mjukuu wa Wabiwa, kitoto cha miaka saba chenye sauti ya kufukuza nyani shambani, alizimaliza herufi kwa siku nne. Akija kuonyesha ubao wake Bulaimu alifurahi kabla hajakumbuka, kisha alikumbuka, akamrudishia ubao bila kumsifu. Alikuwa anawafundisha kusoma ndani ya mtego, na yeye ndiye chambo, na chambo chenyewe kimetungwa kwenye ndoana ileile. Usiku hakulala, mchana hakula. Alihesabu mambo mawili tu, watoto ishirini na wawili upande huu, na upande ule Zawadi na Jamila, na kila alipohesabu alipata jibu ambalo hawezi kuishi nalo.

Siku ya sita alimkuta Mwati ameacha ubao, ametumbukiza kidole ukutani, karibu na pembe. Kidole kilikuwa kimeingia chote. Jani kavu lilichungulia.

Bulaimu alimchapa mkono, akageukia tundu na kuliziba kwa mate na udongo wa sakafu. Watoto wakanyamaza. Kutoka barazani Musafiri akaita, "Kuna nini?"

"Hakuna! Someni!" alipiga kelele Bulaimu, nao wakasoma. Yeye alibaki amechuchumaa, kiganja juu ya mahali pale, akisikia jani likilia chini ya ngozi ya udongo. Alikuwa amesahau kabisa ile sehemu. Alidhani kina mama waliziba alipowatukana. Wabiwa hakuziba. Wabiwa alikuwa akimngoja.

Jioni hiyo alimfuata shambani kwake. Wabiwa alikuwa aking'oa mihogo, hakusimama.

"Mama, ile sehemu yangu."

"Umekuja kuomba udongo?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Na nimekuja kukwambia kwa nini komeo liko nje."

Alimweleza yote, hata kahawa. Wabiwa alikaa chini polepole juu ya rundo la mihogo. Hakupiga kelele. Aliokota bonge la udongo akaanza kulifinyanga vidoleni, akalivunja, akalifinyanga tena.

"Sisi tulikandika," alisema. "Na mikono yetu. Tuliimba."

"Najua."

"Tukikimbia leo na watoto usiku, wao wako na bunduki kwenye njia zote mbili. Wataona nyumba ziko bure kabla ya asubuhi. Watatufuata." Alifikiri. "Lakini wakisikia watoto wanasoma, hawafuati muntu."

Wazo la ile sehemu lilikuwa limeshakaa katikati yao na hakuna aliyehitaji kulitaja.

"Na muke wako?" aliuliza Wabiwa. "Na ule mutoto wako?"

"Kama ukuta utaonekana mzima na mlango umefungwa kwa nje, na mimi nimo ndani," alisema Bulaimu, akiyatafuta maneno moja moja, "hakuna atakayesema ni mimi. Watasema aliyeshika komeo alifungua."

"Musafiri."

"Musafiri."

Bulaimu alisema jina hilo huku anatazama mihogo. Alijua anachokisema. Alikuwa anamwekea mtu mwingine kitanzi ili kisimfikie mkewe, na mtu huyo alikuwa na kovu la kamba kama ile iliyomfunga yeye. Kwa siku kadhaa alikuwa amemsikia Musafiri barazani, watoto wakisoma, naye akijibia chini kwa chini, be, te, the, kama mtu anayejaribu viatu vya mwenzake. Bulaimu alikuwa amejifanya hasikii.

Amri ilifika usiku wa kuamkia siku ya tisa: mitumbwi ya Mwinyi Khelefu imeshafika upande huu, watoto wapelekwe kukicha. Kabla ya alfajiri Bulaimu alikuwa ameshampa Wabiwa habari. Asubuhi Musafiri aliwaingiza watoto chuoni kama kawaida, akafunga komeo, akawaambia askari wake wangoje mvua ipite ndipo waondoke. Mvua ilikuwa imefunga upande wa mto, nyeusi, na ilipoanguka juu ya majani ya paa ilibidi mtu apige kelele ili asikike. Askari wawili walikimbilia baraza ya mkubwa wa kijiji kucheza bao. Musafiri alibaki mlangoni. Nyuma ya nyumba hakukaa mtu. Nani hulinda ukuta?

Bulaimu alichuchumaa penye pembe, akabandua udongo, akavuta majani. Mwanga wa kijivu ukaingia, na mikono mipana ya Wabiwa ikafuata. Nyuma yake, ndani ya migomba, kina mama walikuwa wamejipanga hadi msituni, wamelowa chapachapa. Wanaume walikuwa wameshatangulia tangu alfajiri, mmoja mmoja, kana kwamba wanakwenda kutazama mitego.

"Someni," Bulaimu aliwaambia watoto. "Nitakayemgusa bega ananyamaza na kutoka. Ambaye sijamgusa anaongeza sauti. Ni mchezo. Atakayekosea ameshindwa."

Alianza na wenye sauti ndogo. Alimgusa mmoja, akainama, miguu yake ikapotea tunduni. Wa pili. Wa tatu. Kelele zilipungua kama maji yanayopungua mtungini, na waliobaki walisoma kwa nguvu mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Walipobaki kumi yeye mwenyewe akaanza kusoma nao, kwa sauti nyembamba, kisha nzito, kisha nyembamba tena. Walipobaki watano Musafiri aligonga mlango.

"Mwalimu! Leo wamekula nini? Siwasikii!"

"Ni mvua!" alijibu Bulaimu, jasho likimtiririka mgongoni. "Wengine wanaandika!"

Mvua ilizidi juu ya paa. Kisha, "Basi," alisema Musafiri.

Wanne. Wawili. Wa mwisho alikuwa Mwati, kwa ile sauti yake. Alisimama katikati ya chumba kitupu akipiga kelele za herufi kama mtu anayeita mtu ng'ambo ya mto, na Bulaimu alipomgusa bega hakutaka kunyamaza.

"Nimeshinda?" aliuliza.

"Umeshinda. Nenda kwa bibi."

Akatoka. Wabiwa akaingiza kichwa. "Toka, mwalimu. Haraka. Iko nafasi yako."

Na ilikuwapo. Hapo ndipo ningependa kukuambia kwamba hakufikiri. Alifikiri sana. Aliyaona majani ya migomba yakipigwa na mvua, alisikia harufu ya msitu, na miguu yake ilitaka kwenda kwa namna ambayo hajapata kuisikia tangu azaliwe. Hatua moja na ameinama, ya pili na yuko huru bila muhuri wa mtu. Kisha akakumbuka joto la kichwa cha Jamila kiganjani mwake.

"Nipe fito," alisema. "Na udongo."

Wabiwa alimtazama kama siku ile, kwa muda. Akaelewa. Alipitisha fito na kamba, akapitisha udongo uliokwisha kanyagwa, mzuri, ulioshika, maana alikuwa amekuja nao, yule mama, alikuwa anajua. Wakafunga pamoja, yeye kwa nje na Bulaimu kwa ndani, huku Bulaimu akiendelea kusoma kwa sauti ili baraza isikie. Udongo ulipomwishia alichimba sakafu kwa ubao wa mtoto na kuulowesha kwa maji ya mtungi wa udhu. Tundu likawa la kichwa, likawa la ngumi. Mwishoni uliingia mkono mmoja tu wa Wabiwa, ukamshika vidole, ukavibana kwa nguvu.

"Sasa nyumba iko na muntu," alisema nje.

Mkono ukatoka. Bulaimu akaziba.

Alikwangua udongo wa kanzuni, akaosha mikono kwa maji yaliyobaki, akakaa katikati ya mbao ishirini na mbili na kusoma. Sauti yake ilikuwa imekauka. Hakuwa na njia ya kusoma kama watoto tena. Alisoma kama mtu mmoja, na mvua ikaanza kupungua.

Komeo likateleza.

Musafiri alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika. Alitazama chumba. Alitazama mbao. Alitazama komeo lililokuwa bado mkononi mwake, na Bulaimu aliiona hofu ikimpanda, hofu ya mtu anayejua ataulizwa nini na nani. Kisha Musafiri akaingia, akafuata ukuta polepole, kiganja kikipapasa, kikavu, kikavu, kikavu, mpaka penye pembe. Hapo kiganja kikasimama. Kilipotoka kilikuwa na udongo.

Naye alikuwa ametoka katika kijiji cha namna hii, desturi ya sehemu ya mwenye nyumba aliijua. Alikitazama kiganja kwa muda mrefu.

"Ulitaka kosa hili liwe langu," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Bulaimu alifungua mdomo. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa: si mimi. Musafiri angepelekwa Kindu amefungwa, karatasi ingebaki sandukuni, Zawadi angebaki uani. Alilitafuta neno lile na akalipata, akaliweka ulimini. Mbele yake lilikuwapo kovu la kiwikoni, na udongo ule kiganjani, wenye alama za vidole vyake mwenyewe.

"Ni langu," alisema. "Sehemu ile nimeifunga mimi. Nyumba ni yangu. Ukifika Kindu, mwambie hivyo."

Alijua, wakati anasema, kwamba amemtoa Zawadi, amemtoa na mtoto, na kwamba hakuna wa kumsamehe isipokuwa Zawadi mwenyewe, ambaye hatamwona tena.

Musafiri aliipangusa mikono yake ukutani. Upande wa pili wa kijiji askari mmoja alipiga kelele, "Nyampara! Mvua imekatika! Tuwatoe?"

Musafiri alitoka. Mlango ukafungwa, komeo likarudi mahali pake, na Bulaimu akabaki katika nusu giza.

"Wanasoma bado!" sauti ya Musafiri ilisikika nje. "Chezeni! Jua liegame kwanza!"

Kisha kikawa kimya, kimya kirefu cha kuogopesha, mpaka Bulaimu akaelewa kinachotakiwa kwake. Akajikaza. Akatoa sauti.

"Alifu," alisoma.

"Be," akaitikia mtu mzima upande wa pili wa mbao, kwa sauti kubwa, ya kukwaruza, kama watoto wawili. "Te."